Mkebe wa Mjomba Athmani

Hitima ya mjomba Athmani ilipokwisha na majamvi yakakunjwa, tuliingia chumbani mwake kugawa alivyoviacha. Havikuwa vingi. Kanzu zake, mkongojo, redio iliyoliwa na kutu, na chini ya kitanda sanduku ambalo ufunguo wake haukujulikana uko wapi, tukalivunja. Ndani yake, umeviringishwa kwa leso kuukuu ya nyanya yangu, mlikuwa na mkebe wa mipira ya tenisi. Pete ya kuvutia kifuniko ilikuwa bado mahali pake. Haujapata kufunguliwa hata siku moja.

Wajukuu zake walikuwa wamejazana mlangoni, wakauona. "Shangazi, tufungulie!" Nikawaambia mkebe huu ni wangu, na una masharti yake. Wakubwa wakanicheka, mtu mzima mwenye mvi kugombania mipira na watoto. Nikawaacha wacheke. Niliuweka mapajani nikaukumbatia, na nilipouona ule mchoro wa raketi uliofifia nikajikuta niko Kisauni ya zamani, mimi ni msichana wa chuo cha Kurani mwenye buibui lililokatwa kutoka la mtu mzima, na katika dunia nzima sina shida ila moja: mwanamume mmoja Mzungu, nisiyemjua wala yeye hanijui, lazima ashinde.

Wazazi wangu walikaa Changamwe, baba akifanya kazi bandarini, lakini mimi nililelewa na nyanya, mamake mama. Katika nyumba ile tulikuwa watatu: nyanya, mimi, na mjomba Athmani, kitinda mimba wa nyanya, ambaye alikuwa bado hajaoa. Mjomba alifanya kazi katika hoteli moja Shanzu. Kazi yake ilikuwa kuutunza uwanja wa tenisi. Aliufagia, akaumwagia maji vumbi litulie, akachora mistari kwa chokaa, na mgeni akikosa wa kucheza naye, mjomba ndiye aliyeitwa. Akirudi jioni alinukia udongo mwekundu na jasho, na mfukoni hakukosa mpira mmoja uliokwisha manyoya, ambao hoteli ilikuwa imeshautupa. Mtaa mzima tulicheza kati, wawili wakirusha na wa katikati akikwepa, kwa mipira ya mjomba. Nilikuwa na marafiki wengi kwa sababu hiyo, na nilijua kabisa kwamba ni kwa sababu hiyo.

Mkebe uliofungwa alipewa na mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Nilimsumbua aufungue. Nilitaka kuona mpira mpya unavyokuwa, nilikuwa sijapata kuushika.

"Huu ngoja," akasema. "Huu utafunguliwa siku Mtu Wangu atakaposhinda mashindano ya Uingereza."

Mtu Wangu alikuwa mchezaji. Jina lake mjomba hakulitaja, alimwita hivyo tu, na mimi na nyanya tukamwita Mtu wa Athmani. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye uso wa huzuni, na alicheza kwa mkono wa kushoto. Kila mwaka alikwenda kwenye yale mashindano makubwa ya wanaume yanayochezwa juu ya nyasi, na kila mwaka alishindwa, mara nyingine mwanzoni, mara nyingine akiwa amebakisha hatua moja tu. Mjomba alimpenda kwa hilo hilo. Wachezaji wanaoshinda kila mara, alisema, wana watu wa kutosha wa kuwapenda.

Nyanya hakuelewa. "Mkono wa kushoto!" alisema. "Wa chooni! Atashindaje?"

Sisi hatukuwa na televisheni. Aliyekuwa nayo ni Baba Akinyi, mtu wa bara aliyefanya kazi katika kiwanda cha saruji na kukaa Kiembeni. Walijuana na mjomba kwa ajili ya tenisi tu, maana hapa kwetu kila mtu alikuwa wa kandanda, na wawili hao walipatana kama watu wa kabila moja waliokutana ugenini. Mwaka wa kwanza mjomba aliponipeleka kwa Baba Akinyi, nilikaa mkekani mbele ya televisheni na nikaelewa kila kitu vibaya.

Niliona watu wamevaa nguo nyeupe pepe. Niliona mtu mmoja amepanda juu ya kiti kirefu chenye ngazi, anasema maneno machache kwa sauti kavu, na watu maelfu wananyamaza. Kisha niliwaona wale maelfu wakigeuza shingo pamoja, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Mimi nilikuwa mtoto wa chuoni. Mavazi meupe nilikuwa nayajua ni ya Ijumaa, mimbari nilikuwa naijua, na kugeuza shingo kulia na kushoto kulikuwa kutoa salamu mwisho wa sala. Tulipotoka nje nikamuuliza mjomba wale watu ni wa dhehebu gani.

Mjomba alicheka mpaka akashika ukuta. Alinieleza njia nzima kwamba ule ni mchezo tu. Nilimsikiza kwa adabu, lakini moyoni sikukubali. Mchezo ni kelele. Pale penye utulivu ule, niliamua, dua haziwezi kupotea.

Mwaka uliofuata, kabla tu ya mashindano, mjomba alipatwa na kiharusi. Alikuwa Shanzu, ndoo ya chokaa mkononi, akaanguka juu ya mstari aliokuwa akiuchora. Watu walishangaa, kijana kama yule. Aliporudishwa kutoka hospitali upande wake wa kulia ulikuwa umelala, mdomo umekwenda kombo, na maneno yalimtoka moja moja, mazito.

Lakini kilichomvunja zaidi ni sahani. Mkono wa kulia haufanyi kazi, na wa kushoto mtu hali nao. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Basi mwanamume mzima akawa analishwa na mamake, tonge kwa tonge. Alikula kidogo, kisha akageuza uso ukutani na kukaa hivyo mpaka chakula kingine. Daktari alikuwa amesema apewe kitu laini cha kukamua kwa mkono wa kulia, ili vidole viamke. Nikamletea mpira mmoja wa zamani. Nikauweka kiganjani mwake, ukaanguka. Nikauokota, nikaurudisha, ukaanguka.

"Niwate," akasema.

Sikumwacha. Kila asubuhi kabla ya shule niliuweka, na kila mchana niliporudi niliukuta chini ya kitanda. Nyanya alisema mimi na mjomba wangu tumeumbwa kwa udongo mmoja, wote vichwa vigumu, tofauti ni kwamba mmoja ameshachoka.

Kitu pekee alichokitaka ni redio. Aliisikiliza amefumba macho. Jioni moja niliingia na uji nikakuta amefumbua macho, ananitazama.

"Mwanajuma."

"Abee, mjomba."

"Mtu Wangu... kafika fainali."

Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyokuwa amesema tangu aanguke. Na mimi pale pale nikajua la kufanya. Chuoni mwalimu alikuwa ametufundisha nadhiri: kwamba mtu akimuahidi Mungu jambo, na haja yake ikakubaliwa, ni lazima alitimize, hata likiwa zito namna gani. Nilitia udhu, nikasimama nyuma ya nyumba penye mpapai, nikasema: Ewe Mola, mpe ushindi Mtu wa mjomba, na mjomba ainuke, nami nitafunga kila Jumatatu na Alhamisi mpaka mfungo wa Ramadhani. Kisha, kwa kuwa mtoto hapendi jambo lenye mlango wazi, nikaufunga upande wa pili. Nikasema, na Mtu wa mjomba akishindwa... Hapo ulimi ukagoma. Lakini nilikuwa nimeshafikiri, na nilijua Mungu ameshasikia. Tangu siku ile mambo mawili yakawa moja. Yule mtu akishinda mjomba anapona, akishindwa mjomba anakufa.

Tangazo likatolewa redioni kwamba fainali itaonyeshwa televisheni Jumapili alasiri. Nikaamua kwamba mjomba lazima awepo. Sikumwambia mtu sababu. Nilikwenda Kiembeni peke yangu, nikabisha kwa Baba Akinyi. Alipofungua na kuona ni mimi, akaziba masikio kwa viganja vyote viwili.

"Usiniambie! Usiniambie kitu!"

Nikadhani maskini anaogopa nimeleta habari ya msiba. "Mjomba hajafa," nikamwambia kwa sauti kubwa, ili asikie.

Akateremsha mikono polepole. "Hapana, mimi nilifikiri unataka kuniambia ile ingine." Akatazama kulia na kushoto. "Hata gazeti nimekataza hii nyumba wiki mzima. Haya, sema shida yako."

Sikuelewa gazeti linaingiaje hapo, na sikujali. Nikamwambia nataka kumleta mjomba Jumapili. Akanitazama, mtoto kama kidole.

"Utamleta aje?"

"Nitamleta."

"Mlete basi. Kiti ya karibu ni yake."

Usafiri nilikuwa nimeshaufikiria. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa Bi Zuhura, mama asiyetembea tangu utotoni, aliyekuwa akishona mikoba katika karakana za Bombolulu. Alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuendesha kwa mikono, imara, yenye kiti kipana. Nilimkuta kibarazani anachambua mchele.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Leo sura yako ina haja."

Nikamweleza. Akaendelea kuchambua mchele mpaka nikadhani hakunisikia.

"Waniomba miguu yangu, wajua?" akasema. "Gari huazimwa, baiskeli huazimwa. Hii ni miguu. Nikikupa, mimi nakaa hapa hapa kama mzigo mpaka urudi."

"Najua, Bi Zuhura."

"Wallahi mjomba wako akikataa kuipanda, nitamfuata mwenyewe kwa matako." Kisha akacheka. "Nirudishie kabla ya magharibi. Na breki usiiamini."

Mjomba kwanza alikataa, kwa kugeukia ukutani. Nyanya akamwambia, "Athmani, mtoto huyu amekwenda mpaka Kiembeni kwa miguu yake. Inuka, usinitie aibu." Tukamnyanyua, nyanya kwapa hili, mimi lile, na jirani mmoja kiunoni. Mpira wa zamani alikuwa nao kiganjani. Hilo nililiona nikafurahi, kwa sababu wiki ile, bila mimi kujua kwa nini, mwenyewe alikuwa ameuomba. Jumatatu nilipotoka shule aliniambia, "Nipe mpira," na tangu hapo alikuwa akiukamua, jasho likimtoka, vidole vikisogea kidogo kidogo. Nilidhani ni nadhiri yangu imeanza kufanya kazi mapema.

Njia ya Kiembeni ina mchanga mahali na mwinuko mahali. Mimi nilisukuma, nyanya naye alisukuma, buibui amelifunga kiunoni, akiwajibu waliotusalimu bila kusimama. Mahali pa mchanga gurudumu la mbele lilizama, tukalichimbua kwa mikono. Vijana waliokaa penye duka wakauliza tunampeleka hospitali gani.

"Twampeleka kutazama mpira," nyanya akasema, na akasukuma.

Tulifika jasho linatiririka. Baba Akinyi alimbeba mjomba akamketisha kwenye kiti cha karibu, wakashikana mkono wa kushoto, kisha televisheni ikapata moto na picha ikaja. Ilikuwa televisheni isiyo na rangi, nyasi za kijivu, watu weupe. Nyanya alikuwa hajapata kuona tenisi. Alitazama kwa muda, akauliza, "Watu wazima hawa wateza juu ya nyasi, na nyasi hazina hata mbuzi?" Kisha akamwona Mtu wa Athmani anainua mkono wa kushoto kuanzisha mpira, akasogea mbele.

Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni, midomo inakwenda. Nilisoma kila sura niliyoihifadhi. Seti ya kwanza Mtu wetu alishinda, nikamtazama mjomba, sikuona furaha usoni mwake, nikaona utulivu tu. Nikadhani amechoka. Ya pili tukashindwa. Ya tatu tukashindwa. Baba Akinyi alikuwa amesimama, anazunguka chumba, anapiga paja. Seti ya nne, ambayo tukiipoteza mchezo umekwisha, Mtu wetu akaanza kurudi. Alikimbilia mipira ambayo mtu mwenye akili angeiacha. Alianguka, akainuka na nguo nyeupe zina doa la kijani ambalo kwetu lilikuwa jeusi. Nyanya, ambaye alikuwa amekuja kusukuma tu, akasema kwa sauti, "Kaza, mwanangu! Kaza na huo huo mkono wako!"

Akashindwa. Mpira wa mwisho aliupiga vizuri kabisa, ukagusa wavu, ukapanda, ukarudi kuangukia upande wake. Yule mwingine akapiga magoti. Baba Akinyi akakaa chini akajifunika uso. Na mimi nikatoka mbio nje, nikaenda nyuma ya choo chao, nikalia kilio cha mtu aliyefiwa, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mjomba wangu alikuwa amekufa, nilikuwa nimemuua mwenyewe kwa mdomo wangu.

Tukaanza safari ya kurudi. Nilisukuma huku machozi yanadondoka juu ya kiti cha Bi Zuhura. Tulipofika kwenye mwinuko nyanya akataka kupumzika, akakaa juu ya jiwe. Mjomba akaniita mbele yake.

"Mwanajuma. Mbona walia?"

Nikamwambia yote. Mpapai, nadhiri, upande wa kwanza, upande wa pili ambao sikuumaliza. Nyanya alishika mdomo. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kusema, na kila neno alilivuta kutoka mbali.

"Mchezo ule... hawakucheza leo. Walicheza Jumapili iliyopita. Huku waleta kanda... kwa ndege. Huonyeshwa baadaye."

Sikuelewa. Akarudia. Mchezo niliokuwa nikiuombea leo ulikuwa umekwisha wiki nzima. Wakati mimi nasoma sura zangu sakafuni, yule mtu alikuwa ameshashindwa, ameshakoga, ameshakwenda kwao. Ndiyo maana Baba Akinyi alikataza gazeti.

"Na wewe ulijua?" nikamuuliza.

"Nilijua. Redio... ilisema. Siku ile ile, usiku."

"Mbona ulikubali kuja?"

"Nilitaka kuona alivyoshindwa." Akapumua. "Redio ilisema kashindwa. Haikusema vipi."

Kisha akainua mkono wa kulia. Ulitoka mapajani, ukapanda polepole, unatetemeka, na ndani yake mpira. Akaukamua mbele ya macho yangu.

"Nilikuomba mpira siku gani?"

"Jumatatu."

"Jumatatu. Nilikuwa nimeshasikia." Alisubiri nifike mwenyewe nilikotakiwa kufika, na aliponiona sijafika akanivuta. "Kashindwa Jumapili. Mimi Jumatatu nikaomba mpira. Basi, nimekufa?"

Nilisimama pale njiani, mikono imejaa mchanga, na kitu kikafunguka kifuani ambacho hata leo nikikikumbuka napumua vizuri. Yule mtu alikuwa ameshindwa wiki nzima, na wiki hiyo nzima mjomba alikuwa anarudi. Nilichokuwa nimekifunga pamoja hakikuwa kimefungana popote ila kichwani mwangu.

"Nadhiri yake je?" nyanya akauliza, maana yeye mambo ya dini hakuyaacha yaning'inie.

"Haimlazimu," mjomba akasema. "Sharti lake... halikutimia. Hakushinda."

"Nitafunga tu," nikasema.

Wakatazamana. Nyanya akainuka kwenye jiwe akashika kiti. "Udongo mmoja," akasema, tukaendelea kusukuma. Bi Zuhura tulimrudishia miguu yake adhana ya magharibi ikiwa bado haijatoka, na nilifunga kila Jumatatu na Alhamisi mpaka Ramadhani, ingawa wa kwanza kulalamika kwa njaa nilikuwa mimi.

Jioni ile nyanya aliweka sahani ya wali mbele ya mjomba, akatia kijiko, akakiweka upande wa kushoto. "Kula," akasema. "Mwenye udhuru hana lawama. Nimemwona yule, kumbe mkono ni mkono." Kisha akatoka ili asimtazame, akaniita na mimi nitoke.

Usiku kabla ya kulala mjomba alinipa ule mkebe. Nikamwambia Mtu wake hajashinda.

"Hatashinda tena," akasema. "Kazeeka. Chukua wewe. Chagua mtu wako. Siku atakaposhinda, fungua."

Niliuviringisha kwa leso ya nyanya nikamrudishia aniwekee, kwa sababu nilikuwa sina mtu, na kila mwaka mashindano yalipokuja aliniuliza kama nimempata. Aliniuliza akiwa na mkongojo. Aliniuliza aliporudi Shanzu, hoteli ikamkubali, akawa anachora mistari ya chokaa kwa mkono wa kushoto, imenyooka kuliko ya zamani. Aliniuliza siku ya harusi yake, akiwa amevaa joho, kwa mzaha. Aliniuliza mimi nina watoto, yeye ana wajukuu, na mashindano tunayatazama yakichezwa saa ile ile, kwa rangi, mimi kwangu na yeye kwake, tunapigiana simu kila seti. Nilimjibu bado. Wachezaji niliowapenda walikuwepo, na wengine walishinda. Lakini kila nilipotaka kusema jina, nilihisi nasema uongo.

Basi siku hii ya hitima nimekaa chumbani mwake, mkebe mapajani, watoto mlangoni, na jibu limekuja likiwa limechelewa kwa umri wa mtu mzima. Nilikuwa nimeshachagua tangu siku ile ya mwinuko. Mtu wangu alikaa kwenye kiti cha kuazima, akainua mkono. Alishinda pale pale mbele yangu, nami nikaendelea kungoja mtu wa Uingereza.

Nikawaambia watoto waingie, nikavuta pete. Mkebe ukatoa pumzi ndogo, na harufu ya mipira mipya ikajaa chumba, kali, ngeni, harufu niliyoisubiri tangu nilipokuwa mtoto. Mipira yote niliwapa, wakatoka nayo mbio kwenda kucheza kati. Mmoja tu niliuomba kwanza, nikaukamua kwa mkono wa kulia mpaka kidole cha mwisho, kisha nikamrushia yule mdogo aliyekuwa akingoja.